Namna Nilivyobaki Mshairi Nikiwa Mhadhiri

Mshairi anayeajiriwa na chuo kikuu huajiriwa kwa sababu nyingine. Sijapata kuona tangazo la idara ya Kiswahili linalotafuta mshairi. Matangazo yote niliyoyasoma hutafuta mtu mwenye shahada ya uzamili au ya uzamivu katika fasihi au isimu, mwenye makala katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na aliye tayari kufundisha kozi yoyote atakayopangiwa. Nami niliingia kwa mlango huo huo. Nilikuwa nikitunga tangu sekondari na mashairi yangu kadhaa yalikuwa yameshatoka magazetini, lakini katika usaili hakuna aliyeyauliza, na mzigo wangu wa kwanza ulikuwa fonolojia, utangulizi wa fasihi simulizi, na stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa vitivo vingine. Ushairi wenyewe nilikabidhiwa baadaye, mwenzetu aliyekuwa akiufundisha alipostaafu.

Tangu hapo nimechapisha diwani, nimepanda vyeo, na haujapita muhula bila mimi kutunga walau beti za kuhifadhi. Wahadhiri wasaidizi wanaotunga hunijia ofisini wakitaka kujua nimewezaje, na kwa kuwa ofisini hatumalizi mazungumzo kabla mwanafunzi mwingine hajabisha hodi, nimeona afadhali niyaandike. Msingi wa yote ni mmoja: niliacha kutafuta muda wa kutunga, nikaanza kuchagua umbo la shairi kulingana na muda niliokuwa nao.

Muda wa muhula upo, ila umekatikakatika. Ipo nusu saa kati ya mhadhara na mhadhara, upo muda wa kumsubiri mtahiniwa wa uzamili ambaye amekwama njiani, kipo kikao cha idara ambacho hakianzi mpaka akidi itimie. Na juu ya yote ipo kazi ya kusimamia mitihani, ambayo wenzangu wengi huichukia kuliko kusahihisha. Msimamizi hakai, hasomi kitabu, hachezei simu na haandiki mambo yake; hutembea baina ya safu, hugawa karatasi za nyongeza, husaini orodha, kisha hurudi mlangoni na kusimama. Saa mbili au tatu za namna hiyo, katika msimu mzima wa mitihani, ni muda mwingi kuliko ambao mtu angeweza kuuiba mahali pengine popote kwenye ratiba.

Muda huo haufai kwa kila shairi. Shairi huru, yaani lisilofungwa na vina wala mizani, kwa jinsi ninavyolitunga mimi, hudai karatasi. Mshororo wake hukatwa na jicho pamoja na pumzi; neno moja likikaa peke yake kwenye mstari ni sharti nilione limekaa peke yake ndipo nijue kama linastahili. Nikilibeba kichwani kutwa nzima, jioni nitakuta mawazo yamebaki na umbo limetoweka. Shairi la arudhi, yaani la kufuata kanuni za vina na mizani, hufanya kinyume. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Ukwapi, kipande cha kwanza, una kina chake, na utao, kipande cha pili, una chake. Mizani ikipungua, sikio hugutuka. Kina kikipotea, hukitafuta mwenyewe kabla hujaambiwa. Umbo hilo linajilinda lenyewe kichwani, na ndiyo maana mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yaliweza kukusanywa na kuandikwa miaka mingi baadaye kutoka vinywani mwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka.

Kwa hiyo niliamua kwamba wakati wa muhula nitatunga kwa arudhi, na wakati wa likizo nitatunga mashairi huru. Uamuzi huu ulikuwa wa kiratiba kabla haujawa wa kisanaa, na sioni aibu kuusema hivyo. Katika arudhi yenyewe nilichagua bahari, yaani aina ya shairi, kwa hesabu hiyo hiyo. Utenzi, wenye vipande vya mizani nane na kina kimoja kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho, huufanya nikitembea, kwa kuwa mwendo wa miguu huchukuana nao vizuri. Kwenye chumba cha mtihani napendelea ukaraguni, yaani shairi ambalo vina vyake hubadilika ubeti hadi ubeti, tena usio na kibwagizo. Mtiririko, ambamo vina havibadiliki kamwe, hunifunga: nikishindwa kuumaliza siku ile, siku ya pili narudi nikiwa nimeshamaliza maneno mepesi yote ya kina kile. Katika ukaraguni kila ubeti hufunga hesabu zake wenyewe, na mtihani mmoja huweza kunipa ubeti mmoja uliokamilika.

Nitoe mfano mmoja. Ubeti ufuatao ulizaliwa nikiwa nasimamia karatasi ya sintaksia:

Nasimama mlangoni, kalamu zikiandika,
Macho yote yapo chini, dakika zinakatika,
Nami natunga moyoni, pasi na wa kunishika,
Mwizi aliye chumbani, ndimi niliyefichika.

Mshororo wa pili haukuja hivyo. Ulikuja kwanza kama “Macho yote karatasini”, na nilipouhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo nikapata mizani tisa. Njia ya mkato ilikuwepo, nayo ni kuondoa “yote”, lakini “Macho karatasini” ina mizani saba, na kuongeza silabi ya kujazia ndiyo hasa mazida mabaya ninayowakataza wanafunzi. Nilizunguka chumba nikijaribu “Macho yao mezani” (saba tena), kisha nikamwona msichana wa safu ya nyuma ameinamisha kichwa mpaka nywele zinagusa meza, na “yapo chini” ikaja yenyewe. Nadhani ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu macho yaliyo chini ni ya mtu anayeandika, na pia ni ya mtu anayeona haya, na katika chumba cha mtihani wapo wa aina zote mbili. Mizani ndiyo iliyonisukuma kufika huko. Ningekuwa natunga huru, ningeridhika na karatasi. Mshororo wa tatu na wa nne ulifuata bila taabu, kwa kuwa kichekesho kilikuwa wazi: nimewekwa pale kukamata wanaoficha vikaratasi, na mwenye kitu alichokificha ni mimi.

Baada ya mtihani, kabla ya kuhesabu vijitabu vya majibu, huandika ubeti nyuma ya nakala ya orodha ya mahudhurio. Hilo ni la lazima. Ubeti ukilala usiku mmoja bila kuandikwa, asubuhi huwa na mizani zile zile na maneno tofauti, na mara nyingi yaliyoingia ni maneno ya kawaida kuliko yaliyotoka.

Wapo waliotunga wakiwa katika dhiki ambayo kuitaja sambamba na ratiba ya mihadhara ni kukosa adabu. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, diwani iliyotoka 1973, akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Baadaye alikuja kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig nchini Ujerumani mpaka mwaka 2011. Ninapoifundisha diwani hiyo huwaonyesha wanafunzi jinsi arudhi ilivyobanwa barabara ndani yake, vina vya ndani na vya nje, na huwauliza kama wanadhani mtunzi aliona kanuni zile kuwa mzigo mwingine juu ya mzigo aliokuwa nao. Majibu yao hutofautiana. Mimi nina jibu langu, ila silitoi darasani.

Likizo ndefu hubaki kuwa ya shairi huru. Hapo nina meza, nina asubuhi nzima, na ninaweza kuandika mistari mitatu siku nzima nisione nimechelewa. Katika hili nilisaidiwa na kuangalia tarehe za waliotutangulia. Euphrase Kezilahabi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Botswana, na aliyefariki mwaka 2020, alitoa diwani ya kwanza, *Kichomi*, mwaka 1974. Ya pili, *Karibu Ndani*, ikatoka 1988. Na ya tatu, *Dhifa*, 2008. Ni kweli kwamba katikati aliandika riwaya na tasnifu ya uzamivu, lakini mtu anayezihesabu diwani zake peke yake atakuta ukimya wa miaka kumi na minne, kisha wa miaka ishirini. Mhadhiri kijana anayejiona amekwisha kwa sababu miaka mitatu imepita bila kitabu namwambia azitazame tarehe hizo.

Inafaa kusema pia kwamba ule mgogoro mkubwa wa miaka ya 1970, kati ya wana-mapokeo walioshikilia vina na mizani na wana-mabadiliko waliotetea shairi huru, kwa upande mmoja ulikuwa mgogoro wa watu wa chuo kikuu. Kanuni zilikuwa zimeshaandikwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi. Waliokuja kuzivunja waziwazi, akina Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi, walikuwa wasomi wa Dar es Salaam, na waliowajibu wengi walikuwa washairi wa magazetini na redioni. Mpaka leo kuna washairi wazuri wanaoamini kwamba shairi huru ni uvivu wa wasomi, na kuna wasomi wanaoamini kwamba arudhi ni kasha tupu. Kwa kuwa mimi hutunga huku na huku kwa kufuata kalenda, pande zote mbili hunitilia shaka, na nimezoea.

Kufundisha kwenyewe kuna hatari yake kwa mtunzi, na hatari hiyo haihusiani na uchovu. Mhadhiri wa ushairi hulipwa ili aeleze. Kila wiki husimama mbele ya watu mia au zaidi akifafanua taswira hii ina maana gani, sitiari ile imejengwaje, dhamira kuu na dhamira ndogondogo ni zipi. Ukifanya hivyo miaka kadhaa, mkono unaanza kutunga mashairi yaliyo tayari kufafanuliwa. Unaona sitiari inakuja na maelezo yake mfukoni. Baada ya tasnifu ya uzamivu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa msamiati wa nadharia umekwishakaa kinywani na unataka kutoka kila mlango unapofunguka.

Nilijikinga kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba sifundishi mashairi yangu, wala siruhusu yawekwe kwenye kozi ninayosahihisha. Mwenzangu wa chuo kingine aliwahi kuliweka mojawapo kwenye orodha yake, akanialika nikazungumze na darasa lake, na swali la kwanza likawa lile lile: “Profesa, mwandishi alikusudia nini katika ubeti wa tatu?” Niliwasomea ubeti wa tatu kwa sauti, nikawaomba wao wanieleze wamesikia nini, na mazungumzo yakawa mazuri sana. Lakini nilijua kwamba ningekuwa mtahini wao wasingethubutu kusikia kitu ambacho mimi sikukisema.

Njia ya pili ni shangazi yangu. Shangazi alisoma madrasa na madarasa machache ya shule, na anazo tenzi kichwani ambazo mimi nimezisoma vitabuni tu. Rasimu inapokamilika humpigia simu, tukimaliza “shikamoo” na “marahaba” na habari za kila mmoja, humghania. Hasifu. Akiridhika hunyamaza, kisha huuliza habari nyingine. Asiporidhika hunikatiza papo hapo. Wakati fulani nilikuwa na shairi lenye kipande “Nafsi imejisambaza”, mizani nane kamili, na katika semina ya idara kingepokelewa kwa vichwa kutikiswa. Shangazi alinisimamisha. “Imejisambaza wapi, mwanangu? Nafsi si mahindi ya kuanikwa.” Nilijaribu kumweleza habari ya nafsi isiyo na kitovu, akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, halafu akasema: “Haya. Sasa niambie shairi.” Kipande kile hakimo kwenye diwani.

Kughani kumenisaidia darasani pia. Nilipopewa kozi ya ushairi niliikuta imepangwa kuanza na nadharia, ikifuatiwa na historia, kisha uchambuzi, na utunzi ukiwekwa wiki ya mwisho kama muda utaruhusu, na muda hauruhusu kamwe. Niliugeuza mpangilio. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi hutunga ubeti mmoja wa tarbia na kuughani mbele ya wenzake. Wengi huleta guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani, na guni za wiki ya kwanza ni mtaji mkubwa kuliko kitini chochote nilichowahi kuandika. Aliyeandika mizani saba husikia mwenyewe pale sauti inapojikwaa. Aliyehesabu “mlangoni” kuwa silabi tatu hujifunza kwamba ile “m” ya mwanzo husimama peke yake, na halisahau tena. Yupo pia yule anayekata maneno kiholela ili yatoshe kisha anajitetea kwamba ametumia inkisari, ile ruhusa ya mshairi kufupisha neno. Huyo humwomba aughani ubeti wake kwa mwendo wa kawaida wa kuimba, na kwa kawaida darasa zima huanza kucheka kabla sijasema neno. Uhuru wa mshairi upo, lakini una sikio.

Upangaji huo ulinipa mimi kitu ambacho sikukipangia. Kusikiliza guni nyingi za watu wengine kulininoa sikio, na katika zile beti mbovu hutokea kipande kimoja ambacho hakuna mtunzi mzoefu angekifikiria, kwa sababu mzoefu angeshajua kwamba hakiwezekani. Huwaambia wanafunzi hao wakitunze. Kukichukua ni mwiko, na ninaurudia mwiko huo kwa wahadhiri wenzangu wanaotunga, kwa kuwa kishawishi ni kikubwa kuliko wanavyokiri.

Sasa vyeo. Hapa sitakaa sana, ila ni sehemu ambayo huulizwa zaidi. Kanuni za vyuo kuhusu kazi bunifu hazifanani. Pengine diwani huhesabiwa karibu sawa na kitabu cha taaluma, pengine hupewa uzito wa makala moja, na pengine huingia tu katika kifungu cha kazi nyinginezo. Nilipokaribia kuomba kupandishwa, nilizisoma kanuni za chuo changu neno kwa neno, nikamwandikia mkuu wa idara barua ya kuuliza diwani itapimwaje, na nikaomba jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo katika jambo la namna hii halina faida, kwa sababu mkuu wa idara hubadilika na kamati pia hubadilika. Kisha nikamwomba mchapishaji ripoti za wahakiki waliousoma mswada kabla haujakubaliwa, nikakusanya tahakiki zilizotoka majaridani, na mihtasari ya kozi za vyuo vingine vilivyoiorodhesha diwani. Yote hayo yaliingia kwenye jalada.

Katika kikao mjumbe mmoja aliuliza utafiti uko wapi katika mashairi. Swali hilo nililitarajia, na wenzangu walikuwa wamenishauri mapema niweke utangulizi mrefu wa kinadharia mbele ya diwani ili kuifanya ionekane kazi ya taaluma. Nilikataa. Msomaji wa mashairi asilazimishwe kupita kwenye kituo cha ukaguzi kabla ya ubeti wa kwanza. Badala yake niliandika makala mbalimbali kuhusu mambo ambayo utunzi wenyewe ulinifunulia, hasa matumizi ya inkisari na tabdila (kubadili sauti ya neno bila kubadili idadi ya silabi) katika tenzi za zamani, nikayapeleka kwenye majarida kwa utaratibu wake. Mtunzi aliyewahi kuzunguka chumba akitafuta silabi moja ana maswali mazuri kuhusu mahali ambapo watunzi wa kale walikata neno na mahali ambapo walikataa kukata. Kwa hiyo nilimjibu mjumbe kwamba utafiti upo kwenye makala, na diwani isomwe kama diwani. Cheo kilipita, ingawa baada ya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Upande wa uchapishaji una mantiki yake. Wachapishaji wa Afrika Mashariki huangalia shule kabla ya kuangalia kitu kingine, na hilo huathiri diwani kwa namna ambayo mtunzi anapaswa kuijua. Kenya, kwa miaka mingi, mtihani wa fasihi wa kidato cha nne umekuwa na vitabu teule vya riwaya, tamthilia na hadithi fupi, ilhali ushairi umekuwa ukitahiniwa kwa mashairi ambayo mwanafunzi hajayaona. Tanzania, diwani zenyewe huteuliwa na kusomwa shuleni. Matokeo yake ni kwamba mhariri mmoja atakuomba vitabu vya kufunza ushairi, vyenye maelezo na mazoezi, na mwingine atakuuliza kama mashairi yako yanafaa kusomwa na vijana wa sekondari. Nimewahi kuandika kitabu cha kufunza ushairi kwa ombi la namna hiyo, na sikijutii, kwa kuwa ndicho kilichomfanya mchapishaji yule kuupokea mswada wa diwani nilipompelekea. Lakini niliviandika vitabu hivyo viwili katika vipindi tofauti kabisa, na shairi lililokuja nikiwa naandika mazoezi ya sura ya nne niliacha likae mwaka mzima kabla sijaliamini.

Diwani ya mwisho niliipanga katika likizo ya utafiti. Nilitandaza mashairi sakafuni, ya muhula upande mmoja na ya likizo upande wa pili, na nikaona jambo ambalo ratiba ilikuwa imenificha: yalikuwa yakizungumza. Shairi huru la mwezi wa saba lilichukua neno kutoka kwenye tarbia ya mtihani wa mwezi wa tano na kuligeuza. Utenzi wa njiani ulijibu swali ambalo shairi huru lilikuwa limeliacha wazi. Basi niliyachanganya, nikafuata mazungumzo hayo badala ya maumbo.

Mhakiki wa mchapishaji, ambaye simjui, aliandika ripoti nzuri yenye ombi moja: diwani igawanywe sehemu mbili, mashairi ya arudhi kwanza na mashairi huru baadaye, kama ilivyo desturi, ili walimu wapate urahisi. Mhariri aliunga mkono. Nilimwandikia kurasa mbili nikimwonyesha jozi za mashairi ambazo mgawanyo huo ungezitenganisha, na tukajibizana kwa wiki kadhaa bila yeyote kukasirika. Tulikubaliana hatimaye kwamba mpangilio wangu ubaki ulivyo, na mwishoni mwa kitabu iwekwe faharasa inayoonyesha kila shairi ni la bahari gani na liko ukurasa gani. Faharasa hiyo niliiandaa mwenyewe, na mashairi matatu yalinishinda kuyapa jina la bahari, kwa hiyo mbele yake nimeweka kistari.